Risasi Isiyofyatuliwa

Lugha yetu ina neno moja kwa vitu viwili. Risasi ni metali laini, nzito, ya rangi ya kijivu, ambayo wanakemia huiandika Pb. Na risasi ni kile kitokacho katika mtutu wa bunduki. Neno hilo tumelipokea kutoka Kiarabu, ambako nako lina maana zote mbili, kwa kuwa kwa karne nyingi kitu cha pili kiliundwa kwa cha kwanza. Mwanafunzi akiulizwa ni ipi kati ya hizo inayodhuru, atajibu bila kusita: ile ya bunduki. Katika makala haya nakusudia kuonyesha kuwa jibu hilo ni nusu tu ya ukweli, na kwamba nusu iliyobaki ni wajibu wa mwalimu wa sayansi kuifundisha.

Nilipokuwa Marekani nikisomea shahada ya uzamivu, nilipanga chumba kwa mzee mmoja mstaafu aliyependa mashindano ya kulenga shabaha kwa bastola. Nchini humo raia wengi hujiundia risasi za mchezo huo nyumbani ili kupunguza gharama, na sheria huwaruhusu. Kila jioni mzee huyo alishuka katika chumba cha chini ya nyumba, akachukua maganda ya shaba yaliyokwisha tumika, akayatia fataki mpya, akapima baruti, kisha akashindilia juu yake kipande cha risasi alichokimimina mwenyewe katika kalibu. Mimi nilikaa kando kama mtazamaji.

Baruti aliyoitumia haikuwa ile nyeusi ya kale ya shura, makaa na salfa. Baruti nyeusi ikiungua, zaidi ya nusu ya uzito wake hubaki kuwa moshi na masizi. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alifaulu kuunda baruti isiyo na moshi kutokana na nitroselulosi, yaani selulosi, kama ile ya pamba, iliyobadilishwa kwa asidi ya nitriki. Baruti hiyo hugeuka karibu yote kuwa gesi, na kiasi kidogo chake chatosha. Vieille alichunguza pia jambo jingine: kadiri kanieneo inavyopanda, ndivyo baruti hiyo inavyoungua kwa kasi zaidi, na kasi hiyo nayo huzidi kupandisha kanieneo. Ndiyo maana kosa dogo la kipimo huzaa matokeo makubwa.

Ganda la bastola liitwalo .38 Special lilianza kutumika mwaka 1898 likiwa na baruti nyeusi, na kwa hiyo lina nafasi kubwa ndani. Kipimo cha baruti ya kisasa hujaza sehemu ndogo tu ya ganda hilo. Kipimo cha pili kikimiminwa humo kwa kusahau, huweza kuingia bila kufurika, na bastola yaweza kupasuka mkononi. Mzee alilijua hilo barabara. Mizani yake ilipima hadi karibu miligramu sita na nusu. Kila ganda alilimulika kwa tochi. Na simu ikilia katikati ya kazi, aliyamwaga yote na kuanza upya. Sijapata kuona mwanafunzi wa maabara aliyekuwa mwangalifu kuliko yeye.

Lakini juu ya meza hiyo hiyo palikuwa na jambo ambalo hakulipima. Risasi huyeyuka kwa nyuzi 327 za Sentigredi, joto ambalo hata jiko la nyumbani hulifikia. Ikiwa tupu ni laini mno. Hivyo huchanganywa na bati na antimoni ili iwe ngumu zaidi, isije ikapakaa ndani ya mtutu. Mzee aliyeyusha vizito vya magurudumu ya magari, akaengua takataka zilizoelea juu kwa kijiko, akazitupa katika kopo lililo wazi. Kikombe chake cha kahawa kilikuwa kando. Mjukuu wake wa miaka minne alikuwa akicheza sakafuni.

Wengi hudhani kwamba hatari ya kazi hiyo ni mvuke. La, risasi huchemka kwa nyuzi 1749, na mvuke wake katika joto la kuyeyukia ni mdogo sana. Hatari kubwa ni vumbi: oksidi ya kijivu inayoenguliwa, masizi ya fataki, ambazo nyingi zina kampaundi ya risasi pia, na unga utokao katika maganda yanaposafishwa. Vumbi hilo hushika vidoleni, likahamia kwenye kikombe, na kwenye kiganja cha mtoto, na hatimaye kinywani.

Katika mwaka wangu wa pili pale, mzee alikwenda kwa daktari kwa ajili ya maumivu ya tumbo na uchovu usiokwisha. Damu yake ilipopimwa, ilikutwa na risasi nyingi. Mjukuu alipopimwa, naye alikutwa nayo. Mzee aliporudi nyumbani alikaa kimya muda mrefu, kisha akaniambia: "Miaka yote hii mimi niliihofia baruti." Wahenga wetu walikwisha sema: mdharau mwiba mguu huota tende.

Risasi hudhuru kwa kuwa mwili huidhania kuwa kalsiamu. Huingia katika neva na mifupa, na mifupani hukaa kwa miaka mingi, ikirudi katika damu kidogo kidogo. Mtoto huathirika zaidi, kwa sababu utumbo wake huifyonza kwa wingi kuliko wa mtu mzima, na ubongo wake ungali ukikua. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama.

Pengine msomaji atasema: hayo ni ya Marekani; hapa kwetu silaha na risasi zake zinadhibitiwa kwa sheria, wala hakuna mzee anayeziunda nyumbani. Ni kweli, na ni vizuri iwe hivyo. Lakini metali ni ile ile. Wavuvi wa pwani hufunga chubwi za risasi kwenye mishipi yao, na vipande vya risasi kwenye nyavu. Betri kuukuu za magari huvunjwa ili risasi iliyomo iyeyushwe tena. Katika kijiji cha Owino Uhuru, mjini Mombasa, wakazi walidhurika kwa risasi ya kiwanda cha kuyeyushia betri kilichofungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Na Desemba 2024, baada ya rufani, Mahakama ya Juu ya Kenya ikaurudisha uamuzi huo. Watu hao hawakufyatuliwa bunduki yoyote.

Mwingine atasema kuwa mambo ya risasi na baruti hayafai kutajwa mbele ya wanafunzi. Nami naafiki kwamba shule si mahali pa kufundisha kuunda silaha. Lakini kunyamaza kuhusu sumu hakumkingi mtoto nayo. Tumezoea kumfundisha mwanafunzi alama ya Pb, namba yake 82 na joto lake la kuyeyuka, akayaandika katika mtihani, kisha akaenda nyumbani kumsaidia baba yake kuyeyusha risasi katika sufuria ya kupikia.

Basi rai yangu kwa walimu ni hii. Somo la metali liambatane na somo la madhara yake. Jaribio la kuyeyusha risasi mbele ya darasa liachwe. Wanafunzi wapewe kazi ya kuorodhesha, bila kugusa, mahali ambapo risasi hupatikana katika mitaa yao. Waelezwe kwamba chombo kilichoyeyushiwa risasi kisirudi jikoni kamwe, kwamba mikono huoshwa kwa maji na sabuni kabla ya kula, na kwamba watoto wadogo wasikaribie kazi hiyo. Hayo hayahitaji maabara wala fedha za kigeni. Yule mzee alikuwa na mizani nzuri, tochi, na uangalifu usio na kifani. Alichokosa ni mtu wa kumwambia mapema ni kitu gani kingine kilistahili kupimwa.