Shule ya umma, lakini kiingilio ni nyumba

Kama umekulia mbele ya runinga hapa Kenya, lazima unamjua Kevin, yule mtoi wa filamu ya Home Alone anayesahaulika nyumbani Krismasi. Ile nyumba yao ipo kweli. Iko Winnetka, mtaa wa kishua kaskazini mwa jiji la Chicago, kando ya Ziwa Michigan. Lakini sehemu kubwa ya mambo unayoona ndani haikurekodiwa humo. Waandalizi walijenga vyumba vya kuigizia ndani ya jengo la shule ya upili lililokuwa halitumiki, katika mji jirani wa Northfield. Hata ile nyumba ya jirani iliyofurika maji ilijengwa ndani ya kidimbwi cha kuogelea cha shule hiyo.

Hebu tulia hapo kidogo. Shule ya umma, ina ukumbi mkubwa wa michezo, ina kidimbwi, na imefungwa. Haikufungwa kwa kukosa pesa. Wanafunzi walikuwa wamepungua tu, na eneo hilo lilikuwa na jengo lingine kubwa zaidi Winnetka.

Hiyo shule inaitwa New Trier. Ilianza mwaka 1901 na leo ina wanafunzi wapatao 4,000. Wa mwaka wa kwanza husomea lile jengo la Northfield, ambalo lilifunguliwa tena, na wengine wako Winnetka. Hawalipi karo ya masomo. Ni shule ya serikali kama ile ya mtaani kwenu, angalau kwa jina.

Tuwape sifa zao kwanza, maana wanazistahili. Kwa miongo mingi New Trier imetajwa miongoni mwa shule bora za umma Marekani. Ina kituo chake cha redio kinachosikika hewani, WNTH, na vijana wake wa kuogelea wameshinda mataji ya jimbo la Illinois hadi wapinzani wakachoka. Waigizaji Charlton Heston, Rock Hudson na Ann-Margret walipita hapo. Donald Rumsfeld, aliyekuwa waziri wa ulinzi, pia.

Na si pesa tu. Tangu mwaka 1928 shule hiyo ina mpango ambao ungefaa kuigwa popote: kila mwanafunzi huwekwa kwenye kikundi kidogo chenye mwalimu mlezi, na kikundi hukutana asubuhi kabla ya masomo. Mlezi anakujua kwa jina, anajua ukianza kuteleza, na ndiye anayezungumza na wazazi wako. Katika shule ya watu 4,000, hilo si jambo dogo.

Sasa tuje kwa doo. Marekani, shule za umma hutegemea sana kodi ya ardhi na nyumba za eneo lao. Nyumba zikiwa za bei ghali, kodi inakuwa nono, na shule inapata walimu wenye uzoefu, maabara na vilabu vya kila aina. Nyumba zikiwa za bei ya chini, shule inabaki na makombo, hata kama wakazi wanatozwa kiwango kikubwa zaidi cha kodi. Na ili mtoto wako asome New Trier bure, sharti uishi ndani ya mipaka yake. Kwa hivyo karo ipo, bana. Ni vile tu unailipa kwa mwenye nyumba badala ya bursa.

Tarehe 2 Septemba 2008, hadithi hii ilianikwa hadharani. Ilikuwa siku ya kufungua shule Chicago. James Meeks, mchungaji aliyekuwa pia seneta wa jimbo, aliwaomba wazazi wasiwapeleke watoto darasani. Zaidi ya wanafunzi 1,000, wengi wao weusi, walipanda mabasi hadi Northfield, kwenye jengo lile lile la Home Alone, wakapanga foleni kujaza fomu za kujiunga na New Trier. Wakati huo New Trier ilikuwa ikitumia takriban dola 17,000 kwa mwanafunzi mmoja kwa mwaka. Chicago ilitumia takriban dola 10,000.

Walijua hawatachukuliwa, maana sheria haikuwaruhusu. Walitaka nchi ione foleni hiyo.

Utasema, si wahamie huko basi? Wengi hawakuweza, na bei haikuwa kikwazo pekee. Kwa miaka mingi, katika vitongoji hivyo vya kaskazini, kulikuwa na wenye nyumba na madalali waliokataa kuwauzia watu weusi. Ndiyo maana Julai 1965 Martin Luther King alifika Winnetka na kuhutubia maelfu ya watu kwenye uwanja wa mji, akidai kila mtu awe huru kununua nyumba anapotaka. Ukimfungia mtu mlango wa nyumba, umemfungia na wa shule.

Mahakamani nako? Mwaka 1973, wazazi maskini wa San Antonio, Texas, walifikisha malalamiko kama hayo katika Mahakama ya Juu. Walishindwa kwa kura 5 dhidi ya 4. Majaji walio wengi walisema Katiba ya Marekani haitambui elimu kuwa haki ya msingi. Mmoja wa wale wanne waliopinga alikuwa Thurgood Marshall. Jina hilo linatuhusu: mwaka 1960 alikuwa mshauri wa wajumbe Waafrika wa Kenya kwenye mazungumzo ya Lancaster House, London, na ndiye aliyewaandikia rasimu ya sheria ya haki.

Kuna hatua zimepigwa. Mwaka 2017 Illinois ilibadilisha sheria, na sasa pesa mpya za jimbo zinaanzia shule zilizo nyuma zaidi. Lakini hakuna shule iliyopunguziwa kitu, na kodi ya nyumba bado ndiyo nguzo. Pengo linazibwa polepole, huku watoto wakikua haraka.

Mimi siwalaumu wazazi wa Winnetka. Mzazi yeyote angefanya hivyo hivyo. Tatizo ni mpango unaopima thamani ya mtoto kwa bei ya paa analolala chini yake, kisha unaita matokeo "juhudi".

Sisi tuna kitu ambacho wale wazazi wa Texas walikosa. Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya elimu, na Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Lakini wewe uliyesoma shule ambapo watoto watatu wanagawana kitabu kimoja unajua karatasi haifundishi mtu. Kwa hivyo matokeo ya mitihani yakitoka na shule zile zile zikibebwa juu juu, usiulize tu nani ameongoza. Uliza kila mtoto alitengewa shilingi ngapi, na nani aliruhusiwa kuingia langoni.