Barua ya Wazi kwa Tume ya Ushindani: Boksi la Runinga Litaje Vitone vya Kioo

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Tume ya Ushindani (FCC).
Nakala: Shirika la Viwango Tanzania (TBS).

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Kariakoo, kuanzia Msimbazi hadi Aggrey, zinauzwa runinga zenye maandishi makubwa ya 4K kwenye boksi, lakini kioo chenyewe si cha 4K. Naomba Tume iingilie kati.

Runinga ya 4K ya nyumbani ina vitone vya picha, yaani pikseli, 3840 kwa upana na 2160 kwa kimo. Jumla vinapita milioni 8. Full HD ina 1920 kwa 1080, milioni 2 na kidogo. Kioo cha 1366 kwa 768 kina milioni 1 tu na ushei. Sasa hicho cha mwisho kikiandikwa "kinasapoti 4K", maana yake ni kwamba runinga inaweza kupokea picha ya 4K kisha ikaipunguza ili ienee. Mnunuzi analipia vitone milioni 8 na kupewa kimoja kati ya vinane.

Mnunuzi hawezi kujigundulia mwenyewe. Akibonyeza rimoti, runinga itamwandikia 3840 kwa 2160, kwa sababu inataja picha inayoingia, haitaji kioo. Muuzaji naye anamwonyesha maandishi hayo kwa nia njema kabisa. Wengi wao wameyasoma kwenye boksi lile lile. Fundi anayejua huweka kwenye flashi picha ya mistari myembamba ya kitone kimoja kimoja. Kwenye kioo halisi mistari inatengana. Kwenye kioo cha chini inaungana na kuwa rangi ya kijivu. Ni kazi ya dakika chache, na mkaguzi wenu anaweza kuifanya dukani.

Nakiri kwamba viwanda vya dunia ndivyo vilivyoanza kuchanganya mambo. Zamani tulihesabu kimo: 720, 1080. Ilipofika 4K wakahamia kwenye upana. 4K ya sinema ina 4096, ya nyumbani ina 3840. Mwaka 2012 Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, liliweka 4K na 8K ndani ya kiwango kimoja cha UHD, kwa hiyo jina hilo peke yake linaweza kuwa na maana ya vitone milioni 8 au milioni 33. Mwenye kibanda umiza cha Gerezani, anayekusanya akiba ili wateja wake waone mpira vizuri, atayajuaje haya?

Operesheni zenu dhidi ya bidhaa feki tunaziona na tunazishukuru. Runinga hizi zinapita katikati ya chekeche kwa sababu nembo yake si ya kuiba. Kinachodanganya ni namba. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, kwa hiyo sioni haja ya kusubiri sheria mpya.

Ninachoomba ni kidogo. Kila boksi la runinga liandikwe kwa Kiswahili, mahali panapoonekana, vitone halisi vya kioo: upana kwa kimo. Namba hizo hizo ziingie kwenye risiti, ili mteja akirudi na malalamiko awe na ushahidi mkononi. Neno "inasapoti" lisiruhusiwe kukaa karibu na 4K kama kioo hakifiki. TBS, ambao tayari wana utaratibu wa kukagua mizigo kabla haijapakiwa huko inakotoka, waongeze kipimo hiki, maana mzigo ukishafika Kariakoo unasambaa haraka: wanunuzi wanatoka mikoani, Kongo, Zambia na Komoro, na huko hakuna atakayerudi Aggrey kudai fedha zake.

Wafanyabiashara wanaouza vioo halisi watawaunga mkono. Hao ndio wanaoumia kila siku, bei yao ikipimwa na ya jirani aliyebandika maandishi yale yale kwenye kitu kingine. Waiteni kwanza kabla ya kuanza ukaguzi. Wanajua mzigo upi ni upi.

Wako,
Mkazi wa Gerezani, Kariakoo