Collie si pambo la sebuleni

Ndugu zangu wa Uingereza, mbona tunachagua mbwa kama tunavyochagua zulia? Watoto wanataka Border Collie, ati ni hodari. Hodari ni kweli. Old Hemp, baba wa ukoo huo, alizaliwa Northumberland mwaka 1893, na kazi yake ilikuwa kuswaga kondoo. Uzao wake ukiufungia kwenye fleti ya ghorofa ya nne, baba yuko zamu ya usiku, mama zamu ya mchana, utajitafutia kondoo humo humo: watoto watazungukwa na kung'atwa visigino, sofa litatafunwa. Kisha tunasema mbwa ana wazimu, tunampeleka kwenye kituo cha mbwa waliotupwa! Mwenye wazimu nani?

Anayeng'ang'ania mbwa wa kuchunga achukue Shetland Sheepdog. Kimo chake sentimita 37 hivi, na matembezi ya saa moja kwa siku humtosha. Atabweka, tena sana, na manyoya yake yanataka brashi kila wiki. Hayo yanavumilika. (Ya najisi nawaachia masheikh.) Ila nyumba inayobaki tupu kutwa nzima isichukue hata mmoja. Paka wapo.