Mtoto akishavishwa kofia ya jino

Wazazi wengi hushtuka mtoto anapotoka kwa daktari wa meno akiwa na gego linalong'aa kama sufuria mpya. Swali linalofuata huwa la fedha: kwa nini kugharimia jino la utoto ambalo litang'oka lenyewe? Magego ya utoto hukaa mdomoni hadi mtoto afike miaka 9 hadi 12, na muda wote huo hulinda nafasi ya meno ya ukubwani yanayosubiri chini yake. Gego likitoka mapema, la nyuma yake husogea mbele, na jino jipya hukosa pa kuotea.

Kofia hiyo, au krauni, kwa watoto mara nyingi ni ya chuma kisichoshika kutu.

Siku ya kwanza ndiyo yenye kazi. Kama mtoto alichomwa ganzi, asile mpaka iishe, na hiyo inaweza kuchukua saa mbili au tatu. Asiyehisi mdomo wake hujitafuna shavu au mdomo bila kujua, na kesho yake mzazi huona kidonda akadhani daktari ndiye aliyeumiza. Mtoto akilalamika kwamba jino "limekuwa refu", avumiliwe. Kwa kawaida hali hiyo hutulia ndani ya siku chache hadi wiki mbili.

Tatizo kubwa huja baadaye. Chuma hakiozi, basi mswaki nao hulegezwa. Lakini uchafu hujikusanya pale kofia inapokutana na fizi. Fizi huvimba na kutoa damu, na gego la jirani lisilo na kofia huanza kuoza ubavuni. Damu kidogo isimfanye mzazi aache kumpigisha mtoto mswaki, maana kuacha ndiko kunakozidisha uvimbe. Mswaki uwe laini, mara mbili kwa siku, na ule wa usiku usikosekane. Dawa yenye floraidi, kiasi cha punje ya njegere, inamtosha mtoto wa miaka 3 hadi 6. Mtoto wa chini ya miaka 7 apigishwe na mtu mzima; akiachiwa peke yake huishia meno ya mbele, yale anayoyaona kwenye kioo.

Tofi, bigijii na ubuyu wa sukari hunata na kuivuta kofia. Ikitoka isitupwe, wala isigandishwe kwa gundi ya dukani. Ifungwe kwenye karatasi safi na mtoto arudishwe kliniki mapema, kwani mara nyingi inaweza kurudishiwa. Ikimezwa, kwa kawaida hutoka na choo. Ila mtoto akikohoa mfululizo au kupumua kwa shida, apelekwe hospitali hapohapo. Kipele chenye usaha kwenye fizi, shavu kuvimba au maumivu ya kumwamsha usiku navyo havisubiri.

Wakati wa gego kung'oka ukifika, kofia hutoka nalo. Hakuna haja ya kwenda kuivua.