Sheng Haijamziba Mtoto Mdomo

Mwandishi aliyedai gazetini kwamba wanafunzi wa Kawangware, Nairobi, huogopa kuhutubia kwa kuwa Sheng imewaharibia Kiingereza, na kwamba dawa ni kuipiga marufuku shuleni, amekosea. Msichana anayetetemeka gwarideni ndiye yuleyule anayemsaidia mamake kuuza nyanya karibu na steji ya matatu za 46, akibishana bei na watu asiowajua bila kubabaika. Ulimi anao. Anachoogopa ni kicheko cha darasa zima akikosea neno moja, hasa mwalimu naye akicheka.

Dawa hiyo ya kupiga lugha marufuku ilishatumika. Katika Decolonising the Mind (1986), Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza jinsi waliokamatwa wakiongea Kikuyu karibu na shule walivyochapwa, au kuvishwa shingoni kibati chenye maneno ya kuwadhalilisha. Ukimfanyia mtoto hivyo, atajifunza kunyamaza tu!

Mtaala wa umilisi ulioanza 2017 unatanguliza mawasiliano na ushirikiano katika umilisi wake saba wa kimsingi. Basi mwacheni mtoto asimulie kisa kwa Sheng mbele ya wenzake wachache, kisha kwa Kiswahili mbele ya darasa, sentensi ya kwanza akiwa ameikariri hadi inatoka yenyewe. Kiingereza cha gwarideni kitafuata. Na anayemcheka ndiye aitwe ofisini.