King'ora cha soko kisitegemee umeme wa TANESCO

Mfanyabiashara wa Mwanjelwa anajua bei ya gunia la viazi vya Uyole kabla jua halijatoka, na mwenzake wa Mlandege mjini Iringa anajua ni lori gani la vitunguu vya Ruaha Mbuyuni limechelewa njiani. Kitu ambacho wengi wao hawakijui ni kama king'ora kilichofungwa juu ya paa la soko lao, pale kilipofungwa, kitalia usiku wa leo endapo umeme utakuwa umezimwa.

Swali hilo si la fundi peke yake bali ni la mwenye mtaji. Jijini Mbeya soko la Mwanjelwa liliteketea mwaka 2006, soko la Uhindini likafuata mwaka 2010, na usiku wa tarehe 15 Agosti 2017 ikawa zamu ya soko la SIDO, ambako baadhi ya waliounguliwa Mwanjelwa walikuwa wamehamishia biashara zao. Dar es Salaam nayo ilishuhudia soko la Kariakoo likiwaka tarehe 10 Julai 2021 na soko la Karume tarehe 16 Januari 2022. Mara nyingi moto wa namna hii hushika wakati wenye mali wako nyumbani wamelala, na mwenye kibanda hupata habari kwa simu ya jirani wakati bati limekwisha kupinda. Mitumba ya mkopo huungua, deni la SACCOS haliungui.

Kwa sababu hiyo vyama vya wafanyabiashara katika masoko ya Nyanda za Juu Kusini vina kila sababu ya kununua ving'ora vyao wenyewe, bila kusubiri bajeti ya halmashauri, na vinunue vinavyotumia betri. Umeme wa gridi uwe wa kuchaji tu.

Sababu ya kwanza iko wazi kwa yeyote anayejua desturi ya masoko. Masoko mengi huzima swichi kuu jioni kwa kuogopa hitilafu ya umeme usiku. Hatua hiyo ni nzuri, lakini king'ora kilichounganishwa moja kwa moja na umeme huo kinakuwa kimezimwa nacho. Hata pale swichi isipozimwa, moto wenyewe huunguza nyaya mapema, na jambo la kwanza linalofanywa na waokoaji ni kuomba umeme ukatwe. Chombo cha kutoa tahadhari kinachonyamaza tahadhari inapohitajika ni pambo la ukutani.

Wapo wanaopinga. Hoja inayosikika zaidi ni kwamba mlinzi mwenye filimbi anatosha. Hoja ya pili ni nzito zaidi, nayo ni kwamba king'ora kikilia saa nane usiku kitawaita wezi kabla hakijawaita wenye mali, kwa kuwa katika moto wa soko wapo wanaokuja kuzima na wapo wanaokuja kubeba. Hofu hiyo ina msingi. Hata hivyo, mwizi huuona moto kwa macho bila kuambiwa. Anayehitaji kuambiwa ni yule aliyelala Ilemi au Kihesa, pamoja na mlinzi wa upande wa pili wa soko ambaye bado hajaona moshi. Dakika kumi za mwanzo, wakati moto ungali katika kibanda kimoja, ndizo zinazoamua kama hasara ni ya mtu mmoja au ya watu mia tano. Filimbi ya mlinzi haivuki mvua ikipiga bati.

Gharama nayo si ya kutisha ikigawanywa. Ichukuliwe mfano wa soko lenye vibanda 200. Kila mmoja akitoa shilingi 5,000 mara moja, zinapatikana shilingi milioni moja, na akiongeza shilingi 500 kila mwezi kuna 100,000 za kukagua na kubadilisha betri. Hicho kifungu cha pili ndicho husahauliwa. Viongozi hununua vifaa, hupigwa picha, na baada ya miaka minne betri imekufa ndani ya boksi bila mtu kujua.

Yafaa basi mnunuzi ajue anachonunua, maana hapa ndipo fedha za wanachama hupotea. Betri ya kawaida ya kazi hii ni ile iliyofungwa, ya risasi na asidi, volti 12. Mafundi wengi wa mitaani hupendekeza betri kuukuu ya gari kwa kuwa ni kubwa na ni rahisi. Ushauri huo ukataliwe. Betri ya gari imeundwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, haikuundwa kukaa ikingoja kwa miezi. Aidha, ikichajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, ambayo ikijikusanya ndani ya boksi lisilo na tundu la hewa hulipuka kwa cheche ndogo. Kuweka kitu cha aina hiyo darini ili kuzuia moto ni kichekesho. Betri za lithiamu ni nyepesi na hudumu zaidi, lakini zinahitaji chaja yake maalumu. Zisiunganishwe na chaja ya betri ya risasi.

Ukubwa wa betri hupatikana kwa hesabu ya darasa la saba. Tuseme kisanduku cha kuongozea kinakula ampea 0.05 kikiwa kimetulia, na king'ora cha wati 30 kinakula ampea 2.5 kikilia. Kukaa saa 72 bila umeme kunahitaji ampea-saa 3.6, na kulia nusu saa kunahitaji 1.25. Jumla ni 4.85, na ikiongezwa robo kwa ajili ya uzee wa betri inafika karibu 6.1. Betri ya ampea-saa 7 inatosha, lakini bila ziada kubwa. Soko linalozima swichi kuu kila jioni halina tatizo hapo, kwani usiku wa saa 12 unakula ampea-saa 0.6 tu ambazo chaja huzirudisha mchana. Mbeya na Iringa ziko juu, zaidi ya meta 1,500 kutoka usawa wa bahari, na baridi ya Juni na Julai hupunguza nguvu ya betri kiasi fulani. Anayenunua ile inayotosha kwa shida ajue hivyo.

Betri ipimwe dukani kabla ya kulipiwa. Iliyojaa na kutulia huonyesha takriban volti 12.7. Inayoonyesha chini ya 12 imekaa rafuni muda mrefu na haifai kununuliwa kwa bei ya mpya. Tarehe ya kufungwa iandikwe juu yake kwa kalamu isiyofutika, na ibadilishwe baada ya miaka mitatu hadi mitano, iwe bado inafanya kazi au la.

Kosa kubwa la ufungaji, na lisiloonekana kwa macho, liko katika waya. Mathalani kisanduku na betri viko ofisi ya soko, na king'ora kiko meta 60 mbali juu ya nguzo. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo ni meta 120 za waya. Kwa waya wa shaba wa milimeta 1.5 za mraba, king'ora cha ampea 2.5 kinapoteza volti 3.5 njiani, na badala ya volti 12 kinapata 8.5. Kitakoroma tu. Waya wa milimeta 4 za mraba hupunguza upotevu hadi volti 1.3, ila bei yake ni nyingine kabisa. Ufumbuzi wa bei nafuu ni kununua king'ora chenye betri yake ndani, kisha waya mwembamba ukafanya kazi ya kupeleka ishara na kuchaji peke yake.

Ving'ora vya aina hii vina faida nyingine ambayo wauzaji hawaielezi vya kutosha. Vimeundwa vilie vyenyewe waya wa ishara ukikatwa. Mwizi akikata waya, kinalia. Moto ukiunguza waya, kinalia. Kwa soko la mbao na mabati ambamo nyaya ndizo huungua mwanzo, sifa hiyo ni ya thamani kuliko ukubwa wa sauti ulioandikwa kwenye katoni.

Lakini sifa hiyo hiyo ndiyo inayoweza kumuua fundi. Boksi la king'ora cha nje huwa na swichi ndogo chini ya kifuniko, nayo hukiliza mara kifuniko kinapofunguliwa. Sauti ya desibeli 110 hadi 120 kwa umbali wa meta moja, ikimpiga mtu usoni akiwa juu ya ngazi bila kutegemea, humfanya aachie mikono. Kwa hiyo kabla ya mtu yeyote kupanda, mfumo uwekwe katika hali ya matengenezo, au fyuzi ya betri itolewe, na ufunguo wa kisanduku ukae mfukoni mwa aliye juu. Avae vizibo vya masikio. Ngazi isimame juu ya ardhi ngumu, mguu wake ukiwa mbali na ukuta kwa meta moja kwa kila meta nne za urefu, na mtu wa pili aishike chini. Vijana wanaopanda juu ya meza za nyanya zilizopangwa mbili mbili wanajulikana katika kila soko.

Betri yenyewe nayo haina huruma. Volti 12 hazimtikisi mtu, lakini spana ikigusa ncha zote mbili kwa pamoja huwa nyekundu papo hapo, na pete ya kidoleni hali kadhalika. Pete na saa zivuliwe. Waya wa chanya uunganishwe kwanza na wa hasi mwisho. Wakati wa kutoa, hasi itangulie. Fyuzi ikae karibu kabisa na ncha ya chanya, kwani ikiwekwa mwisho wa waya haitaulinda waya huo ukichubuka katikati. Na anayegusa upande wa umeme wa gridi, pale chaja inapounganishwa, awe fundi mwenye leseni ya EWURA. Hapo hakuna mjadala wa bei.

Mvua za Novemba hadi Aprili ndizo mtihani wa kazi yote. Boksi likae meta tatu au zaidi kutoka chini, lisifikiwe na mkono, mdomo wake ukiinamia chini kidogo ili maji yasituame. Waya uingie kwa chini, na kabla ya kuingia upinde kushuka halafu kupanda, ili matone yadondokee kwenye kona badala ya kufuata waya hadi ndani. Kutoboa tundu juu ya boksi na kuliziba kwa gundi ni kazi ya msimu mmoja. Radi za nyanda hizi zinafahamika. King'ora kisiwe ndicho kitu kirefu kuliko vyote sokoni, na nguzo ya chuma ifungwe waya wa erthi.

Sauti hupungua kwa desibeli 6 kila umbali unapokuwa maradufu, hivyo king'ora cha 120 kwa meta moja huwa kama 84 kwa meta 64, na mabanda yaliyosongamana huizuia zaidi. Soko refu linahitaji ving'ora viwili vidogo kuliko kimoja kikubwa. Kikubwa kimoja humkera mgonjwa wa nyumba ya jirani bila kumfikia mlinzi wa mwisho, na ikumbukwe kwamba kanuni za mwaka 2015 za udhibiti wa kelele zipo. Kiwekewe muda wa kujizima.

Majaribio yafanywe kila wiki siku na saa ile ile, kwa mfano Jumamosi saa nne asubuhi, sekunde chache tu, kituo cha polisi na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji wakiwa wamearifiwa tangu mwanzo. Kikilia ovyo mara tatu bila sababu, mara ya nne hakuna atakayeamka. Kila mlinzi awe na namba 114 ya zimamoto, kwa sababu king'ora hakipigi simu, na njia ya gari la maji isiwe na meza.

Liko suala la mkataba, ambalo wenye fremu za kupangisha wangefaa kulisukuma kwa kuwa jengo ni lao. Zabuni nyingi hutolewa kwa bei ya chini ya kufunga tu. Chama kidai bei mbili katika karatasi moja, ya kufunga na ya kutunza kwa miaka mitano, betri mbadala zikiwemo, na mzabuni achukue betri zilizokufa, kwa sababu risasi iliyomo ni sumu na haifai kutupwa nyuma ya choo cha soko. Malipo ya mwisho yasitolewe mpaka swichi kuu izimwe mbele ya wanachama, ikae imezimwa siku tatu, kisha king'ora kilizwe nusu saa kamili na betri ipimwe tena. Fundi anayekataa sharti hilo ameshajibu swali.

Baadhi watasema nusu saa ya kelele itafukuza wateja. Ifanyike Jumapili asubuhi.