Huyo "Mama Mmoja" Ana Jina

Nimechoka na ile hadithi ya Benjamin Franklin. Mnaijua. Septemba 1787, Philadelphia, wanaume wamemaliza kuandika katiba ya Marekani. Mzee anatoka nje, "mama mmoja" anamuuliza kama wamepata jamhuri au ufalme, naye anajibu: jamhuri, mkiweza kuitunza. Kila mwanasiasa anayetaka kuonekana amesoma huirusha hii. Jibu lina mwenyewe. Swali, eti halina.

Linaye. Ni Elizabeth Willing Powel, na aliyemtaja si mwanaharakati wa mitandaoni wa juzi. Ni James McHenry, mjumbe wa mkutano uleule, aliyeliandika jina kwenye shajara yake. Mwaka 1803 McHenry akasimulia kisa hicho gazetini, na humo mama anauliza tena: na kwa nini tusiitunze? Franklin anajibu kwamba watu wakishaonja chakula hicho hula kupita kiasi kinachowafaa. Sehemu hiyo huwa inakatwa. Si lazima ikatwe? Mtu anayeuliza mara mbili anaharibu picha ya mzee mwenye hekima na umati wa kumpigia makofi.

Halafu kuna wenzetu waliogundua jina lake, sasa wanamuuza kama malkia. Hebu tutulie. Huyu alikuwa binti wa meya, dada wa meya na mke wa meya: baba Charles Willing, kaka Thomas Willing, mume Samuel Powel, wote walishika jiji lilelile. Familia za aina hiyo mnazijua, sihitaji kuwaeleza. Mkutano wa katiba ulifanyika milango imefungwa, walinzi nje, joto la kiangazi likiwachemsha waliokuwa ndani. Jioni Washington na wenzake walienda kula kwa Powel, Third Street. Novemba 1792, Washington alipotaka kustaafu, Elizabeth alimwandikia barua kali kumshawishi abaki. Akabaki. Sisemi ni barua hiyo tu, lakini nitajie raia wangapi walikuwa na mlango wa kumfikia rais namna hiyo. Na kura yenyewe mama hakuwa nayo.

Mwaka uliofuata homa ya manjano iliua maelfu Philadelphia, Samuel akiwemo. Kwa sheria ya wakati ule, mali ya mke ilikuwa mikononi mwa mume. Ilibidi Elizabeth afiwe ndipo saini yake iwe na maana. Hakuolewa tena, alijisimamia mwenyewe hadi alipofariki 1830. Hapo namvulia kofia, kweli.

Lakini pesa ilitoka wapi, bana? Baba yake alifanya biashara ya watumwa. Kaka yake na mshirika wake Robert Morris waliuza Waafrika pia. Ukimpamba Elizabeth bila kusema hivyo, unafanya kosa lilelile la waliomwita "mama mmoja". Umebadilisha tu nani anafutwa.

Mwendo mfupi kutoka kwake ilikuwa nyumba ya rais, na Martha Washington alikuwa rafiki yake. Humo alihudumu msichana Ona Judge. Sheria ya Pennsylvania ilimpa uhuru mtumwa wa mgeni akikaa miezi sita mfululizo, kwa hiyo akina Washington waliwatoa watumwa wao nje ya jimbo kabla siku hazijatimia, kisha wakawarudisha. Ndiyo, yule yule aliyeombwa abaki kwa ajili ya jamhuri. Mei 1796, wenye nyumba wakiwa mezani wanakula, Ona alitoka zake. Washington alimtafuta, akatuma watu wambembeleze arudi, alikataa. Miaka karibu 50 baadaye aliwaambia waandishi wa magazeti kwamba hajutii, ingawa maisha yalikuwa magumu. Alikufa New Hampshire mwaka 1848, na kisheria bado alikuwa mali ya watu.